Nasaba Iliyopotea: Koo za Makuhani na Madhehebu katika Uyahudi wa Kale, na Funzo Lake kwa Mtafiti wa Simulizi za Koo Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna nasaba ilivyotumika katika mashindano ya koo za makuhani wa Uyahudi wa kale, tangu mgogoro wa Sadoki na Abiathari hadi kubomolewa kwa hekalu la Yerusalemu mwaka 70 BK. Hoja yetu kuu ni kwamba mara nyingi nasaba haikutangulia mgogoro, bali iliandikwa, ilipangwa upya au ilitafutwa baada ya mgogoro kuzuka. Madhehebu yaliyojitokeza baadaye, yaani Masadukayo, Mafarisayo, Waeseni na Wasamaria, yalitofautiana kwa sehemu kubwa kuhusu swali moja: nani ana haki ya kuhudumu na kufundisha, mwenye ukoo au mwenye elimu? Makala yanalifuatilia swali hilo nchini Uganda, kwanza kwa Abayudaya wa Mbale na kisha katika historia ya Rwenzururu, na kupendekeza namna ambayo mtafiti wa lugha anapaswa kuzihifadhi simulizi za koo zinazopingana.

1.0 Utangulizi

Wakati nikikusanya simulizi za koo katika vilima vya Bwera, mzee mmoja alinitajia mababu zake kizazi baada ya kizazi bila kusita. Alipomaliza, nami nikiwa nafunga daftari, aliniuliza: “Mwanangu, haya uliyoyaandika, atakayeyasoma kesho ni nani?” Nilimjibu kwamba yatasomwa na wanafunzi na wanazuoni. Hakuridhika. Alitaka kujua iwapo yatasomwa pia na mahakama, na watu wa ukoo wa jirani, na serikali.

Swali hilo lilikuwa na sababu zake. Katika wilaya ya Kasese, kutaja babu ni kutaja pia kilima, mpaka, malisho na kiti cha utawala. Mtu anayeandika orodha ya mababu anaweza kudhani kwamba anahifadhi utamaduni tu, kumbe anatengeneza ushahidi. Makala haya yanatafuta mwanga wa jambo hilo katika historia ya watu walioandika nasaba zao kwa bidii kubwa kuliko wengi, yaani Wayahudi wa kale, na hasa makuhani wao. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki huzijua koo hizo kupitia Biblia, lakini huzisoma kama orodha ndefu za majina zinazochosha. Tutaonyesha kwamba ndani ya orodha hizo kuna mapambano makali.

2.0 Istilahi: Kuhani, Kahini na Kabona

Tuanze na maneno, kwa kuwa yenyewe yamebeba historia. Neno “kuhani” lina shina la Kisemiti. Kwa Kiebrania, “kohen” ni mhudumu wa madhabahu. Kwa Kiarabu, “kahin” ni mtabiri au mpiga ramli, na Kurani inakanusha kwamba Mtume ni mtu wa namna hiyo. Kiswahili kimepokea pande zote mbili: “kahini” limebaki na harufu ya uaguzi, ilhali “kuhani” limetakaswa na matumizi ya Biblia hata likawa jina la heshima. Hivyo shina moja limezaa cheo kitakatifu na kazi inayotiliwa shaka.

Luganda, ambayo ndiyo lugha iliyowafikishia Waganda wa mashariki na magharibi Maandiko mwishoni mwa karne ya 19, ilichukua njia nyingine. Watafsiri walitumia neno “kabona”, lililokuwa tayari jina la mhudumu wa lubaale, yaani miungu na mizimu ya Buganda. Msomaji wa Luganda aliposoma habari za Haruni, alikutana na cheo alichokijua nyumbani. Kwake ukuhani haukuwa jambo geni la Mashariki ya Kati. Ulikuwa kazi yenye wenyewe, yenye siri zake, na aghalabu yenye ukoo wake.

Neno la tatu ni “nasaba”. Kiswahili cha sayansi kimelitumia kuunda “vinasaba”, yaani chembe za urithi. Tutaona hapa chini kwamba uundaji huo una maana zaidi ya ile iliyokusudiwa.

3.0 Sadoki, Abiathari na Herufi Iliyoinuliwa

Mfalme Daudi alikuwa na makuhani wawili wakuu, Sadoki na Abiathari. Abiathari alitoka katika nyumba ya Eli, waliohudumu Shilo. Daudi alipozeeka, wanawe wawili waligombea kiti: Abiathari alimuunga mkono Adonia, na Sadoki akamuunga mkono Sulemani. Sulemani aliposhinda, alimfukuza Abiathari akakae Anathothi, shambani kwake. Kitabu cha Wafalme kinalieleza tukio hilo kuwa ni kutimia kwa neno la Mungu dhidi ya nyumba ya Eli. Hata hivyo, msomaji anaona wazi kwamba ukoo mmoja wa makuhani ulipoteza hekalu kwa kuchagua upande ulioshindwa katika siasa za ikulu. Karne kadhaa baadaye nabii Yeremia, aliyetoka kwa makuhani wa Anathothi, alisimama katika lango la hekalu la Yerusalemu na kuwaonya wenye hekalu kwamba litakuwa kama Shilo. Alikuwa nabii, lakini pia alikuwa mtu wa kijiji kilekile ambako Abiathari alifukuziwa.

Nasaba ya Sadoki mwenyewe ina utata. Kitabu cha Pili cha Samweli kinamwita mwana wa Ahitubu, na jina hilo linapatikana pia katika ukoo wa Eli. Mambo ya Nyakati, kilichoandikwa karne nyingi baadaye, kinampa msururu kamili wa mababu hadi Eleazari mwana wa Haruni. Baadhi ya wanazuoni wamedhani kwamba Sadoki alikuwa kuhani wa Yerusalemu hata kabla Daudi hajauteka mji huo. Dhana hiyo haijathibitishwa. Lililo wazi ni kwamba kadiri miaka ilivyopita, ndivyo nasaba yake ilivyozidi kunyooka.

Kulikuwa na koo nyingine pia. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 18, kinasimulia juu ya makuhani wa Dani, kaskazini mwa nchi, ambao jadi yao ilianzia kwa Yonathani mwana wa Gershomu. Gershomu alikuwa mwana wa nani? Kwa Kiebrania, jina la Musa lina konsonanti tatu, na jina la Manase lina zilezile pamoja na herufi moja zaidi, nun. Katika maandishi rasmi ya Kiebrania, neno lililoandikwa mahali hapo ni Manase, lakini ile nun imeandikwa juu kidogo ya mstari, kana kwamba inaning’inia. Wafafanuzi wa tangu kale wameeleza sababu: jina la asili lilikuwa Musa, na herufi iliongezwa ili kumwondolea Musa aibu ya kuwa na mjukuu aliyehudumia sanamu.

Msomi wa Marekani, Frank Moore Cross, aliona katika mikwaruzano ya namna hiyo dalili za mashindano ya muda mrefu kati ya makuhani waliojinasibu na Musa na wale waliojinasibu na Haruni. Si kila mtu anaikubali nadharia yake katika kila kipengele. Lakini ile herufi iliyoinuliwa ipo, na mtu yeyote anayesoma Kiebrania anaweza kuiona. Aliyenakili alitaka kulinda heshima ya babu, ila hakuifuta alama ya marekebisho yake. Tutalirudia jambo hili katika hitimisho.

4.0 Daftari Lisiloonekana

Babeli iliibomoa Yerusalemu mwaka 586 KK. Waliporudi kutoka uhamishoni na kujenga hekalu upya, lililokamilika mwaka 515 KK, swali la ukoo lilikuwa gumu kuliko zamani. Mfalme hakuwepo tena wa kumteua huyu na kumfukuza yule. Nabii Ezekieli, naye mwana wa kuhani, alikuwa ameandika kwamba wana wa Sadoki peke yao ndio wakaribie madhabahu, na Walawi wengine wawe watumishi wa milango kwa sababu ya makosa yao ya zamani.

Katika Ezra sura ya 2, ambayo imerudiwa katika Nehemia sura ya 7, tunasoma habari za koo tatu zilizodai ukuhani: wana wa Habaya, wana wa Hakosi na wana wa Barzilai. Walilitafuta jina lao katika maandishi ya nasaba, lisionekane. Wakatengwa na ukuhani kuwa si safi, na mtawala akawakataza kula vitu vitakatifu hadi atakapopatikana kuhani mwenye Urimu na Thumimu.

Tukio hili ni la kihistoria kwa namna ya pekee. Hapa tunaona mtu akinyimwa haki ya kuzaliwa kwa sababu karatasi yake haikupatikana. Kumbukumbu ya wazee haikutosha, wala ushahidi wa jirani. Chakula cha kuhani kilitoka madhabahuni, hivyo kukosa jina katika daftari kulikuwa ni kukosa riziki.

Ukoo wa Hakosi haukuishia hapo. Katika Nehemia sura ya 3, Meremothi mwana wa Uria, wa ukoo wa Hakosi, anajenga ukuta wa Yerusalemu, tena sehemu mbili. Katika Ezra sura ya 8, Meremothi mwana wa Uria anatajwa kuwa kuhani aliyepokea na kupima fedha na dhahabu za hekalu. Katika Mambo ya Nyakati, Hakosi ni zamu ya saba kati ya zamu 24 za makuhani. Na katika karne ya pili KK, mtu wa ukoo huohuo, Eupolemo, alikuwa mmoja wa wajumbe wawili waliotumwa Roma na Yuda Makabayo. Ukoo uliokosekana katika daftari ulikuwa umeingia tena. Maandiko hayasemi kama alipatikana kuhani mwenye Urimu na Thumimu. Yanatuonyesha tu watu wakibeba mawe ya ukuta, wakiaminiwa mizani ya fedha, na hatimaye wakiwa na zamu yao kama wengine.

Wapo ambao hawakuingia. Nehemia anaeleza kwamba alimfukuza mjukuu wa Kuhani Mkuu Eliashibu kwa sababu alikuwa mkwe wa Sanbalati, mtawala wa Samaria. Wasamaria walikuwa na hekalu lao juu ya Mlima Gerizimu, lenye makuhani waliojinasibu na Haruni kama wale wa Yerusalemu. Huko Misri, katika kisiwa cha Elephantine karibu na Aswan, kulikuwa na hekalu jingine la Wayahudi, lililobomolewa mwaka 410 KK. Makuhani wake waliandika barua kuomba msaada wa kulijenga upya, na barua hizo zimehifadhiwa katika mafunjo ya Kiaramu. Kwa hiyo, hata katika zama hizo ukuhani wa Kiyahudi haukuwa na mlango mmoja tu.

5.0 Cheo Kinachonunuliwa na Madhehebu Yanayozaliwa

Hadi mwaka 175 KK, ukuhani mkuu wa Yerusalemu ulishikwa na nyumba iliyojinasibu na Sadoki. Mwaka huo Yasoni alimpatia fedha mfalme Antioko wa Nne na kumwondoa ndugu yake, Onia wa Tatu. Baada ya muda mfupi Menelao alitoa fedha nyingi zaidi na kumwondoa Yasoni. Cheo kilikuwa kimeingia sokoni. Mwana wa Onia alikimbilia Misri, akajenga hekalu huko Leontopolis kwa idhini ya mfalme Ptolemy, na hekalu hilo lilidumu hadi Warumi walipolifunga baada ya vita vya mwaka 70 BK.

Wakati huohuo, familia ya Matathia wa Modini, ya zamu ya Yoyaribu, iliongoza uasi uliolikomboa hekalu mwaka 164 KK. Walikuwa makuhani, lakini si wa nyumba ya kuhani mkuu. Hata hivyo, Yonathani, mwanawe Matathia, alivaa mavazi ya kuhani mkuu mwaka 152 KK kwa uteuzi wa Alexander Balas, mgombea kiti wa ufalme wa Seleuko. Ndugu yake Simoni alithibitishwa na mkutano wa watu mwaka 140 KK, pamoja na sharti la kushangaza: kwamba awe kiongozi na kuhani wao mkuu hadi atakapotokea nabii wa kweli. Sharti hilo linafanana na lile la Ezra. Pale ambapo nasaba haitoshi, uamuzi unaahirishwa hadi siku za mbele. Wapo wanaodhani kwamba kuwekwa kwa Yoyaribu kuwa zamu ya kwanza katika orodha ya Mambo ya Nyakati kuna uhusiano na zama hizo za Wahasmonea. Ikiwa ni kweli, ushindi wa vita ulisogeza jina ndani ya orodha.

Hapo ndipo madhehebu yanapoonekana katika historia. Flavius Josephus, mwanahistoria aliyekuwa mwenyewe kuhani na akajivunia kutoka zamu ya kwanza, anayataja matatu: Masadukayo, Mafarisayo na Waeseni. Wanazuoni wengi wanalihusisha jina la Masadukayo na Sadoki. Hao walikuwa watu wa hekalu na wa nyumba kubwa. Mafarisayo, ambao jina lao linahusishwa na neno lenye maana ya “waliojitenga”, walikuwa wataalamu wa sheria na mapokeo ya wazee, na Josephus anawakadiria kuwa zaidi ya 6,000. Waeseni, kwa hesabu yake, walizidi 4,000, nao waliishi kwa nidhamu na ushirika wa mali.

Josephus anasimulia karamu ya Yohana Hirkano, mtawala na kuhani mkuu wa Wahasmonea. Mgeni mmoja alisimama akamtaka aache ukuhani, atosheke na utawala, kwa sababu ilisemekana mama yake aliwahi kuwa mateka. Kwa sheria, mwana wa mateka angetiliwa shaka nasaba yake. Josephus anasema habari hiyo ilikuwa uongo. Hata hivyo, ilitosha kumfanya Hirkano awaache Mafarisayo na kujiunga na Masadukayo. Neno moja la kumgusa mama wa mtu lilibadilisha siasa za taifa. Hirkano huyohuyo ndiye aliyelibomoa hekalu la Gerizimu.

Mwaka 1947, katika mapango ya Qumran kando ya Bahari ya Chumvi, yalianza kupatikana maandishi ya jumuiya ambayo wanazuoni wengi wanaihusisha na Waeseni. Walikuwa na kalenda yao ya siku 364, hivyo sikukuu zao hazikuangukia siku za sikukuu za Yerusalemu. Walimlaani “Kuhani Mwovu” na kumheshimu “Mwalimu wa Haki”. Nakala moja ya Kanuni ya Jumuiya yao inawapa mamlaka “wana wa Sadoki, makuhani”. Nakala nyingine za kanuni hiyohiyo, zilizopatikana katika pango la nne, mahali hapo zina neno linalomaanisha “wengi”, yaani mkutano wa wanajumuiya. Wataalamu hawajakubaliana ipi ilitangulia. Kwa vyovyote, tunashuhudia jumuiya moja ikijiuliza, ndani ya kanuni zake yenyewe, kama mamlaka ni ya ukoo au ni ya wote.

6.0 Elimu Badala ya Ukoo

Herode na wateule wa Roma waliugeuza ukuhani mkuu kuwa kazi ya kuajiriwa na kufukuzwa. Josephus anahesabu makuhani wakuu 28 tangu Herode hadi hekalu kubomolewa. Wakati wa vita dhidi ya Roma, waasi walioshika hekalu walimchagua kuhani mkuu kwa kura, na kura ikamwangukia mtu wa kijijini aitwaye Fania, ambaye, kwa maneno ya Josephus aliyewachukia waasi hao, hakujua hata maana ya cheo hicho. Tunaweza kuisoma habari hiyo kwa namna nyingine: watu waliochoshwa na nyumba chache tajiri walirudi kwenye kura, njia ambayo Mambo ya Nyakati kinasema ndiyo iliyozipanga zamu tangu mwanzo.

Hekalu lilipobomolewa mwaka 70 BK, madhabahu ilikwisha, na pamoja nayo kazi iliyowapa makuhani uzito. Walioendelea ni walimu wa sheria, marabi. Mishna, iliyokusanywa mwanzoni mwa karne ya tatu BK, inapoeleza namna Torati ilivyopokewa, inamtaja Musa, Yoshua, wazee, manabii na watu wa Kusanyiko Kuu. Makuhani hawamo katika msururu huo. Mahali pengine inasema kwamba mwanazuoni aliyezaliwa katika ndoa iliyoharamishwa hutangulizwa mbele ya kuhani mkuu asiye na elimu. Hata hivyo, jina la ukuhani halikufa. Hadi leo wapo Wayahudi wanaobariki katika sinagogi kwa kuwa ni “kohanim”, na Wasamaria wangali na kuhani mkuu wao. Tena, tangu miaka ya 1990 wanasayansi wametafuta dalili za ukuhani katika vinasaba, na baadhi yao wameripoti alama zinazofanana miongoni mwa Walemba wa kusini mwa Afrika, hasa katika ukoo wa Buba. Swali la Ezra limehamia maabara.

7.0 Abayudaya: Jumuiya Iliyoanza Bila Ukoo

Uganda ina mfano wake hai. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza mashariki mwa nchi na kuuanzisha mji wa Mbale, alivunjika moyo walipompunguzia madaraka. Alijiunga na dhehebu la Wamalaki, lililokataa dawa za hospitali. Kwa kuisoma Biblia ya Luganda alifikia uamuzi kwamba amri za Agano la Kale zingali zinafunga, na mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Mwaka 1920 Myahudi aitwaye Yosef alifika na kuwafundisha kalenda na desturi. Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928, na jumuiya ikagawanyika: baadhi walirudi katika Ukristo, na wengine wakaendelea na Uyahudi chini ya viongozi kama Samson Mugombe.

Abayudaya hawakudai kuwa wazao wa Ibrahimu. Hawakuwa na Sadoki wala Hakosi. Walichokuwa nacho ni kitabu. Serikali ya Idi Amin ilipopiga marufuku ibada yao, idadi yao ilipungua sana, na waliobaki walisali kwa siri. Baadaye, walipowasiliana na Wayahudi wa ng’ambo, swali la nasaba liliwarudia kupitia mlango mwingine: nani atathibitisha kwamba ninyi ni Wayahudi? Mwaka 2002 watu wapatao 400 walipokewa rasmi na mahakama ya marabi wa mrengo wa Konsavativu wa Marekani. Gershom Sizomu alisomea urabi Los Angeles, akawekwa wakfu mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge. Wengine, hasa katika kijiji cha Putti, walichagua njia ya Kiothodoksi. Mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilikataa ombi la Muyudaya mmoja aliyetaka kuhamia huko. Jumuiya iliyoanza bila ukoo ikajikuta inatafuta jina lake katika daftari lililo mbali, kama wana wa Habaya.

8.0 Kasese na Bwera

Turudi Ruwenzori. Miaka ya 1950, Isaya Mukirania, mwalimu wa shule ya msingi, aliongoza chama cha kuchunguza historia ya maisha ya Wakonzo. Wanachama wake walitembea kilima hadi kilima wakikusanya habari za koo, za desturi na za mipaka. Kwa nje ilikuwa kazi ya utafiti kama yetu. Lakini Wakonzo na Wamba walikuwa chini ya ufalme wa Toro, na habari zilizokusanywa zilijibu swali la kisiasa: je, watu hawa wana historia inayojitegemea? Mwaka 1962 Mukirania, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya waliongoza kuondoka kwa wajumbe wao katika baraza la Toro, na tarehe 30 Juni mwaka huo Rwenzururu ikatangazwa kuwa nchi ya pekee. Njia zao ziliachana: Kawamara alisisitiza dai la wilaya, Mukirania akaelekea kwenye ufalme, akawa Omusinga. Alipofariki mwaka 1966, mwanawe Charles Wesley Mumbere alirithi akiwa bado mtoto.

Mapatano ya mwaka 1982 yaliwashusha wapiganaji kutoka mlimani. Tarehe 19 Oktoba 2009 serikali ya Uganda iliutambua Obusinga rasmi. Kutambuliwa huko kulizidisha uzito wa swali la nasaba. Ndani ya eneo hilohilo wanaishi Wasongora na Wanyabindi, ambao nao wana masimulizi yao ya utangulizi na viongozi wao wa jadi, na Wamba wa Bundibugyo waliojitafutia ufalme wao. Hata miongoni mwa Wakonzo, mamlaka ya kale zaidi yanayokumbukwa na wazee ni ya mkuu wa kilima, “omukulhu w’obulambo”, aliyetunza ardhi na kuongoza matambiko ya kilima chake. Kiti cha mfalme kilipoinuka juu ya vilima vingi, ilibidi kila kilima kijue mahali pake katika orodha mpya. Tarehe 26 na 27 Novemba 2016, makabiliano kati ya majeshi ya serikali na walinzi wa kifalme mjini Kasese yaliwaua watu zaidi ya 100. Omusinga alikamatwa, na mashtaka dhidi yake yaliondolewa mwaka 2023. Sababu za msiba ule ni nyingi, na haitakuwa haki kuzipunguza hadi kuwa suala la nasaba peke yake. Lakini hakuna mtafiti anayeingia Bwera leo na daftari la koo akadhani kwamba anauliza maswali mepesi.

9.0 Hitimisho

Historia ya makuhani inatufundisha mambo matatu. Kwanza, nasaba iliyonyooka mno aghalabu ni matokeo ya mgogoro, si mwanzo wake. Pili, kukosekana kwa jina katika maandishi si ushahidi kwamba ukoo haukuwepo, kama walivyoonyesha wana wa Hakosi. Tatu, jamii haikosi njia ya kutoka katika ubishi wa koo: Wayahudi wa kale walitumia kura, zamu, ahirisho, na hatimaye elimu.

Kwa mtafiti wa simulizi za koo, funzo ni la kiutendaji. Asiziunganishe simulizi mbili zinazopingana ili apate mti mmoja wa ukoo unaopendeza machoni. Kila simulizi na iandikwe kivyake, pamoja na nani aliisimulia, mbele ya nani, lini, na palikuwa na mgogoro gani kijijini siku hiyo. Kwa kuwa Bwera iko mpakani, na Wanande wa upande wa Kongo wana lugha na koo za karibu na za Wakonzo, simulizi za ng’ambo ya mpaka zisikilizwe pia kabla ya kuhitimisha. Aidha, jina la mtoa simulizi lifichwe pale linapoweza kumletea madhara.

Yule mnakili wa Kitabu cha Waamuzi alishawishika kumwokoa babu na aibu, akaongeza herufi. Lakini aliiinua juu ya mstari, na kwa hiyo sisi tunajua kwamba palikuwa na neno jingine. Nilirudi kwa yule mzee wa Bwera nikamweleza kwamba simulizi yake itawekwa kando ya ile ya jirani yake, bila ya mimi kuamua ipi ni ya kweli. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kuna babu mmoja alimruka siku ile, na akaniomba nifungue tena daftari.